Tiki Si Risiti: Historia ya Kisanduku na Rangi Kwenye Jedwali

Siku hizi chama kikifikisha wanachama kumi, lazima mtu aseme, "Tutengenezewe jedwali." Wote wanageuka kumtazama kijana aliye karibu. Wewe si ulisoma kompyuta? Basi kazi ni yako. Hulipwi, hushukuriwi, lakini hesabu zikikataa jina lako ndilo la kwanza kutajwa.

Nimefanya hii kazi mara kadhaa: chama cha majirani, kamati ya harusi, timu ya mpira ya mtaa, mchango wa mazishi. Kila mara watu wanaomba vitu viwili. Cha kwanza ni kisanduku kidogo mbele ya jina, ukikibonyeza kinatia tiki. Cha pili ni rangi inayojibadilisha yenyewe: aliyelipa awe kijani, ambaye hajalipa awe mwekundu. Hii ya pili wenye programu wameipa jina refu, uumbizaji wa masharti, lakini maana yake ni rahisi. Unaliambia jedwali: kama sharti fulani limetimia, paka rangi fulani.

Vinapendeza, sikatai. Lakini nimeona vikileta ugomvi ambao ile kaunta buku ya zamani haikuleta, nikajiuliza kwa nini. Jibu nimelipata kwenye historia. Alama ya "amelipa" ina mamia ya miaka, na kwa muda mrefu haikuwa mali ya mtu mmoja. Wacha tuanze mbali kidogo, halafu turudi hapa mtaani.

Kijiti kilichopasuliwa

Karne ya 12 huko Uingereza, Hazina ya mfalme ilikuwa inapokea pesa kutoka kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Ungewapa risiti gani? Wakatumia kijiti. Karani alichukua kipande cha mti na kukikata alama pembeni. Alama pana kama unene wa kiganja ilikuwa pauni 1,000. Upana wa kidole gumba ulikuwa pauni 100. Kidole kidogo kilikuwa pauni 20. Alama nyembamba kama punje ya shayiri ilikuwa pauni moja.

Baada ya kukata alama, kijiti kilipasuliwa katikati kwa urefu, alama zikabaki pande zote mbili. Nusu moja ilienda na aliyelipa, nusu nyingine ikabaki Hazina. Siku ya hesabu, nusu hizo mbili ziliwekwa pamoja. Karani akiongeza alama kwenye nusu yake, haitakutana na ile nyingine. Mlipaji akichonga yake ionekane kama alilipa zaidi, vilevile anashikwa. Hata nyuzi za mti zenyewe zilikuwa shahidi, kwa sababu hakuna miti miwili inayopasuka sawa.

Utaratibu huu ulidumu hadi mwaka 1826. Vijiti vilivyobaki vilikaa tu, hadi 1834 wakubwa walipoamua vichomwe kwenye tanuru zilizokuwa chini ya jengo la Bunge. Moto ukazidi, na usiku wa tarehe 16 Oktoba 1834 Bunge lenyewe likaungua. Yaani risiti za zamani ziliteketeza Bunge la Uingereza. Si utani, ni historia.

Kitu cha kubeba hapo ni kimoja. Alama ya malipo ilikuwa na nusu mbili, na kila upande ulishika yake.

Wino mwekundu ulikuwa na mwenyewe

Vitabu vya hesabu vilipoenea, wazo hilo halikufa. Mwaka 1494, mtawa na mwanahisabati wa Italia anayeitwa Luca Pacioli alichapisha Venice kitabu kikubwa cha hisabati, na ndani yake akaeleza jinsi wafanyabiashara wa mji huo walivyoandika hesabu zao. Kila pesa inaandikwa mara mbili: mahali ilikotoka na mahali ilikoenda. Pande hizo mbili zisipolingana, kuna kitu hakiko sawa. Hakuvumbua mtindo huo, aliuandika tu ili wengine wausome. Lakini ukiangalia vizuri, ni kile kijiti tena, sasa kikiwa kwenye karatasi.

Sisi pia tuna urithi wetu hapo. Neno "daftari" lilikuja kwetu kupitia Kiarabu na biashara ya Bahari ya Hindi, na mizizi yake inarudi hadi neno la Kigiriki la ngozi iliyoandikiwa. Duka la mtaani bado lina daftari la deni. Na mkulima wa majani chai akipeleka gunia lake kwenye kituo, kilo zinaandikwa upande wa kituo naye anaondoka na karatasi yake. Muulize mkulima yeyote kama anaweza kutupa hiyo karatasi kabla ya malipo. Atakuona hujui maisha.

Kwenye vitabu hivyo tiki ilikuwa na kazi maalum. Mkaguzi wa hesabu alipotia tiki kando ya nambari, alikuwa anasema jambo mahususi: nimeona risiti yake kwa macho yangu, na inalingana. Wakaguzi walikuwa na alama zao na kalamu zao za rangi. Tiki moja ilimaanisha nimejumlisha upya, nyingine ilimaanisha nimeona hati ya benki. Kwa hivyo tiki iliwekwa na mtu wa pili. Aliyeandika nambari na aliyetia tiki hawakuwa mtu mmoja.

Rangi nayo ilikuwa uamuzi wa mtu. Shuleni kwetu mwalimu wa darasa alikuwa na kalamu mbili mbele ya rejista. Ukiwepo, mstari wa bluu. Usipokuwepo, alama nyekundu. Lakini kabla hajashika ile nyekundu aliinua macho na kuuliza darasa, "Yuko wapi huyu?" Mtu akijibu kwamba ametumwa ofisini kuleta chaki, kalamu nyekundu inarudi mezani. Kati ya kukosekana kwako na ile nyekundu kulikuwa na swali. Kumbuka hilo swali, tutalihitaji.

Daftari likaanza kujihesabu

Mwaka 1978 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Dan Bricklin, alikuwa darasani akimtazama profesa wake akijaza nambari kwenye ubao. Nambari moja ikibadilika, ilibidi profesa afute na kuandika upya zote zilizoitegemea. Bricklin akawaza: je, kama ubao ungejihesabu wenyewe? Yeye na rafiki yake Bob Frankston wakaandika programu iliyoitwa VisiCalc, ikaanza kuuzwa 1979 kwa kompyuta ya Apple II. Ilikuwa na mistari 254 na safu 63, basi. Lakini watu walinunua kompyuta nzima kwa ajili ya hiyo programu moja.

Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3 ya Mitch Kapor na Jonathan Sachs, ikatawala kwenye kompyuta za IBM. Microsoft wakatoa Excel mwaka 1985, kwanza kwa Macintosh, halafu 1987 kwa Windows. Mengine unayajua. Leo ukimwambia mtu "nitumie Excel" anaelewa hata kama faili imetengenezwa kwa programu nyingine kabisa.

Sasa, kwa miaka mingi hesabu ilijibadilisha lakini rangi haikujibadilisha. Ungeweza kuamuru nambari hasi ionekane nyekundu, lakini zaidi ya hapo ulipaka seli kwa mkono, moja moja, kama mwalimu na rejista. Hilo lilibadilika na Excel 97. Hapo ndipo ungeweza kuandika sharti: nambari ikizidi kiasi fulani, seli igeuke rangi. Masharti yalikuwa matatu tu kwa kila seli. Mwaka 2007 Excel ikaondoa kikomo hicho na kuongeza mapambo: vijimstari vinavyojaa ndani ya seli, rangi zinazofifia kutoka kijani hadi nyekundu, na aikoni ndogo kama taa za barabarani.

Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Ukiwa na mistari 2,000 ya bidhaa dukani, jicho haliwezi kuona zile tano zinazokaribia kuisha. Rangi inaziona.

Lakini angalia kilichotoka mlangoni siku hiyo. Kalamu nyekundu haikuwa tena mkononi mwa mtu. Lile swali la "yuko wapi huyu?" halikupewa nafasi kwenye fomula.

Kisanduku kilichoanza na alama ya kosa

Kisanduku nacho kina historia ya kuchekesha. Kilitoka kwenye fomu za karatasi, kikaingia kwenye skrini za kompyuta zenye madirisha na kipanya. Kwenye Macintosh ya 1984, ukichagua kisanduku hakikutia tiki. Kilitia X! Windows za mwanzo pia zilitia X, hadi Windows 95 ilipoleta tiki. Hebu fikiria mtoto aliyelelewa na shule zetu, ambaye X nyekundu ni kosa na tiki ni vema, anaambiwa kwamba X maana yake ni ndiyo.

Ndani ya lahajedwali mambo yalikuwa magumu zaidi. Excel ya miaka ya tisini ilikuwa na visanduku, lakini vilielea juu ya karatasi kama stika. Hakikuwa ndani ya seli. Ilibidi ukiunganishe na seli kwa mkono, na ukipanga mistari upya, visanduku na majina vinaachana. Wengi waliona heri waandike herufi fulani kwa fonti ya Wingdings ili itokee kama tiki. Ilikuwa picha tu, haihesabiki vizuri.

Google waliingia na lahajedwali lao la mtandaoni mwaka 2006, watu wengi wakafanya kazi kwenye faili moja kwa wakati mmoja. Mwaka 2018 wakaweka kisanduku ndani ya seli yenyewe. Excel wamekuja kufanya hivyo 2024. Ndiyo maana ikaonekana kama kitu kipya kilichoanguka ghafla kwenye kila chama. Ni kipya kweli, kwa umbo hilo.

Na ndani yake kuna nini? Kuna neno moja. Kikiwa na tiki, seli ina TRUE, yaani kweli. Bila tiki ina FALSE, yaani si kweli. Mantiki hii ya thamani mbili tumeirithi kwa Mwingereza George Boole, aliyeiandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1854. Kwa sababu ni thamani halisi, unaweza kuihesabu. Tuseme majina yako kwenye safu A na visanduku viko kwenye safu C. Ukiandika =COUNTIF(C2:C25,TRUE) unapata idadi ya waliotiwa tiki. Ukitaka mstari mzima ugeuke kijani, chagua A2 hadi D25, ingia kwenye masharti ya rangi, chagua fomula yako mwenyewe, andika =$C2=TRUE. Hiyo alama ya dola ndiyo inayowashinda wengi. Inasema: hata ukiwa unapaka safu A, B au D, daima angalia safu C. Ukiisahau, A inaangalia C, lakini B inaangalia D, na rangi zinaruka ovyo.

Hiyo ndiyo ile nguvu watu wanaiomba. Sasa niseme inaumia wapi.

Ijumaa saa sita usiku

Kuna chama kimoja mtaani, sikitaji jina, cha akina mama 24. Kila mmoja anatoa shilingi 500 kila wiki, mwisho ni Ijumaa. Kijana mmoja aliwatengenezea jedwali safi kabisa. Visanduku, majina, tarehe ya mwisho, na sheria ya rangi: kama kisanduku hakina tiki na leo imepita tarehe ya mwisho, mstari uwe mwekundu. Fomula yake ilikuwa sahihi. Nimeiangalia mwenyewe.

Mweka hazina alikuwa na duka. Alikuwa anaketi Jumamosi jioni baada ya kufunga, anapitia meseji za M-Pesa za wiki, halafu anatia tiki.

Unaona shida? Kuanzia Ijumaa saa sita usiku hadi Jumamosi jioni, kila aliyelipa Ijumaa alikuwa anawaka nyekundu. Wiki moja mtu alipiga picha ya skrini Jumamosi asubuhi na kuituma kwenye grupu la WhatsApp. Bila maneno. Picha tu. Mama mmoja aliyelipa Ijumaa saa kumi jioni, meseji anayo, akaona jina lake na rangi ile mbele ya majirani wote, akiwemo mama mkwe wa binti yake.

Hakugombana na mtu. Alituma ile meseji ya M-Pesa kwenye grupu, akasubiri wiki mbili, akaomba akiba yake, akatoka. Miaka sita kwenye chama, imekwisha.

Nani alidanganya? Hakuna. Jedwali lilisema kweli: kisanduku hakina tiki, na tarehe imepita. Lakini waliolisoma walisoma kitu kingine: huyu hajalipa. Kati ya sentensi hizo mbili kuna umbali, na kwenye huo umbali ndiko heshima ya mtu ilikopotea.

Kisanduku kitupu kina maana mbili. Kinaweza kumaanisha "nimeangalia, hajalipa." Kinaweza pia kumaanisha "sijaangalia bado." Boole alitupa kweli na si kweli, lakini mweka hazina ana hali ya tatu, na kwenye kisanduku haina pa kukaa. Kwa hiyo inakaa na FALSE, na FALSE tumeipaka nyekundu.

Halafu kuna ile TODAY() ndani ya fomula. Hiyo "leo" inafuata saa ya eneo lililowekwa kwenye mipangilio ya faili. Kama faili ilifunguliwa na binamu aliye Los Angeles na akaacha saa za huko, leo ya jedwali iko nyuma ya Nairobi kwa saa kumi au kumi na moja. Jedwali na wanachama wanaishi siku tofauti. Nenda kwenye mipangilio ya faili uangalie.

Kilicho nje hakiwaki

Wengine wataniambia hiyo ni mambo ya chama kidogo, serikali na mashirika makubwa wana mifumo. Haya. Mwaka 2020, Uingereza ikiwa katikati ya corona, shirika la afya ya umma la England lilikuwa linakusanya matokeo ya vipimo kwa faili za aina ya zamani ya Excel, ile yenye kikomo cha mistari 65,536. Faili zikajaa. Mistari iliyozidi ikaachwa nje. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuhesabiwa kwenye takwimu za kila siku, na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa.

Jedwali halikupiga kelele. Lingepigaje? Rangi ya masharti inaangalia kilicho ndani. Kilichobaki nje hakina seli, na kisicho na seli hakigeuki nyekundu.

Kwenye chama inatokea hivihivi, kwa udogo. Uliweka sheria ya rangi hadi mstari wa 25. Mwanachama mpya anaingia mstari wa 26. Hana kijani, hana nyekundu, yuko mweupe tu, na jumla ya waliolipa haimhesabu. Akikosa kulipa miezi mitatu hakuna anayejua. Akilipa miezi mitatu pia hakuna anayejua, na hiyo ni mbaya zaidi.

Nusu ya pili tunayo mfukoni

Hapa ndipo napata hasira kidogo, kwa sababu Wakenya hatukuwa na sababu ya kupotelea hapa.

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 tumekuwa na kile kijiti cha Hazina. Ukituma pesa, wewe unapata meseji na aliyepokea anapata meseji, na meseji zote mbili zina kodi moja ya herufi na nambari kumi. Nusu yako, nusu yake. Huwezi kuongeza alama upande wako ikakosa kuonekana upande ule. Ni risiti yenye pande mbili ambayo kila mama sokoni anaielewa, na imeingia mifukoni mwetu bila mtu kupasua mti.

Halafu tunafanya nini? Tunachukua hiyo kodi, tunaitupa, tunatia tiki. Tunabadilisha ushahidi wa watu wawili kwa neno la mtu mmoja, kisha tunalipaka rangi lionekane kama ushahidi. Tiki ya mkaguzi ilisema "nimeona risiti." Tiki yetu inasema "mtu fulani alibonyeza hapa." Inaweza kuwa ilibonyezwa kwa bahati mbaya. Kwenye Google ukisimama juu ya kisanduku na kugusa kitufe cha nafasi, tiki inaingia au inatoka. Mtoto akishika simu, deni limelipwa.

Kwa hivyo mimi msimamo wangu ni huu. Kisanduku ni kizuri kwa kazi, si kwa pesa ya mtu. Viti vimekodishwa? Tiki. Hema limelipiwa? Hapo tayari nataka kuona kodi. Na nikitengenezea watu jedwali la michango, nalifanya hivi.

Moja. Kabla ya safu ya tiki kuna safu ya kodi ya M-Pesa, na ya tarehe. Kama ni pesa taslimu, nambari ya risiti ya karatasi. Tiki inakuja baada ya kodi. Sheria yangu ya kwanza ya rangi inawinda tiki isiyo na kodi: =AND($C2=TRUE,$B2=""). Hiyo ndiyo napaka rangi kali, kwa sababu hilo ni kosa la mwenye daftari, si la mwanachama.

Mbili. Aliyeandika kodi si yule anayetia tiki. Mweka hazina anaandika, katibu analinganisha na meseji na kutia tiki. Google wanakuruhusu kufunga safu ili mtu mmoja tu aihariri. Tumia hiyo.

Tatu. Ile hali ya tatu ipewe jina. Badala ya kisanduku kwenye hali ya mwanachama, weka orodha ya kuchagua yenye maneno: "Imethibitishwa", "Haijaangaliwa", "Ameomba muda", "Haijafika". Kila neno na rangi yake. "Haijaangaliwa" iwe kijivu, kwa sababu hapo deni ni la mweka hazina. Nyekundu inabaki kwa "Haijafika", na mtu anaichagua mwenyewe kwa mkono baada ya kupiga simu. Ndiyo, kwa mkono. Lile swali la mwalimu na rejista nimelirudisha hapo makusudi. Na maneno yanasaidia pia wale ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani, maana wapo, na hawasemi.

Nne. Sheria ya rangi iende mbali kuliko majina yaliyopo. Kama mko 24, weka hadi mstari wa 200. Chini ya jedwali andika idadi ya wanachama kwa mkono, na kando yake fomula inayohesabu majina. Zisipolingana, kuna mtu yuko nje.

Tano. Wanachama wote wafundishwe kitu kimoja tu: bonyeza seli kwa kitufe cha kulia kwenye kompyuta, chagua historia ya uhariri, uone nani alibadilisha nini na lini. Haichukui dakika mbili. Mwanachama anayejua kufanya hivyo ameshika nusu yake ya kijiti.

Kuna wataosema hii ni kazi nyingi kwa shilingi 500 za wiki. Mama yule aliyetoka alikuwa ameweka shilingi 500 kwa miaka sita. Piga hesabu mwenyewe, wiki 52 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya shilingi 150,000, na hiyo pesa alirudishiwa yote. Kilichokosa kurudi ni yeye. Nimesikia chama bado kinaendelea, jedwali ni lilelile, na Jumamosi asubuhi bado lina wekundu wake. Ila siku hizi wote wanalipa Alhamisi.